Nani Anahesabiwa Kuwa Mfanyakazi

Kila inapojadiliwa kazi yenye staha, mjadala huelekea moja kwa moja kwenye viwango: saa ngapi kwa wiki, mshahara kiasi gani, likizo ya siku ngapi, vifaa gani vya kinga. Ni maswali ya lazima, lakini kwa maoni yangu huulizwa mapema mno. Kabla ya kuuliza sheria ya kazi inampa mfanyakazi nini, inafaa kuuliza sheria hiyo inamtambua nani kuwa mfanyakazi, kwa sababu hata kiwango kizuri kuliko vyote hakimfai mtu aliyeachwa nje yake tangu kifungu cha kwanza. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria kwamba watu bilioni 2, yaani zaidi ya asilimia 60 ya wote wanaofanya kazi duniani, wamo katika ajira isiyo rasmi. Sheria za kazi za nchi nyingi ziliandikwa zikimfikiria mtu mwingine kabisa: mwanamume aliyeajiriwa kiwandani au ofisini, mwenye mwajiri mmoja anayejulikana, mkataba usio na ukomo na tarehe maalumu ya kupokea mshahara. Mtu huyo yupo, ila hajawahi kuwa wengi wetu.

ILO yenyewe ilizaliwa mwaka 1919 kutokana na Mkataba wa Versailles, na Mkataba wake Na. 1 uliweka kikomo cha saa 8 kwa siku na saa 48 kwa wiki viwandani. Neno la mwisho hapo ndilo lenye uzito: viwandani. Mwaka 1944, katika Azimio la Philadelphia, shirika hilo lilitangaza kwamba kazi ya binadamu si bidhaa. Miaka 55 baadaye, mwaka 1999, Mkurugenzi Mkuu wake kutoka Chile, Juan Somavia, aliwasilisha ripoti iliyoleta katika matumizi ya kawaida dhana ya kazi yenye staha na kuisimamisha juu ya mambo manne: upatikanaji wa ajira, haki kazini, hifadhi ya jamii, na majadiliano kati ya serikali, waajiri na wafanyakazi. Mambo hayo manne hutajwa katika kila semina hadi yamechosha masikio. Lisilotajwa sana ni kwamba ripoti hiyo ililitaka shirika liwaangalie pia watu walio nje ya soko rasmi la ajira, wakiwamo waliojiajiri na wanaofanyia kazi nyumbani kwao. Huo ndio upande wake ulio mgumu kutekelezwa, na ndio ninaotaka kuukalia hapa.

Historia ya Marekani inaonyesha vizuri jinsi mpaka huo unavyochorwa, na kwa mkono wa nani. Tarehe 25 Machi 1911 moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle jijini New York, kilichokuwa kwenye ghorofa za juu za jengo la ghorofa kumi. Mlango mmoja wa kuelekea ngazini ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ngazi za zimamoto zilifika ghorofa ya sita tu. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana na wanawake vijana wahamiaji wa Kiyahudi na Kiitaliano, na wapo walioruka madirishani mbele ya umati uliokuwa barabarani. Chini ya miaka miwili kabla ya hapo, mafundi wa nguo wa jiji hilo walikuwa wamegoma kwa maelfu wakidai, pamoja na mambo mengine, mazingira salama na kutambuliwa kwa chama chao. Wenye kiwanda hicho walikuwa miongoni mwa waliokataa kukitambua. Mwishoni mwa mwaka 1911 walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na mahakama ikawaachia huru.

Miongoni mwa waliokuwa barabarani siku ile alikuwamo Frances Perkins. Alifanya kazi na tume ya uchunguzi wa viwanda iliyoundwa na jimbo la New York baada ya moto huo, tume ambayo mapendekezo yake yalizaa sheria nyingi kuhusu njia za dharura, usafi na saa za kazi. Mwaka 1933 akawa Waziri wa Kazi wa Marekani, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la nchi hiyo, na mwaka 1938 ikapitishwa Sheria ya Viwango vya Haki vya Kazi, iliyoweka kima cha chini cha mshahara kitaifa, ikadhibiti ajira ya watoto, na kuanza na wiki ya saa 44 iliyopangwa kushuka hadi 40 katika kipindi kifupi. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa msiba uliogeuzwa kuwa sheria.

Hata hivyo sheria hiyo haikuwahusu wafanyakazi wa mashambani wala wa majumbani. Katika majimbo ya Kusini, hizo ndizo kazi zilizowashikilia Wamarekani Weusi wengi, na wabunge wa majimbo hayo, ambao kura zao zilihitajika, hawakuwa tayari kuona mkulima mkubwa au mwenye nyumba akilazimishwa na serikali ya shirikisho kumlipa kibarua Mweusi kama anavyolipwa Mzungu. Watu hao hawakusahaulika kwa bahati mbaya. Kuachwa kwao kulikuwa sehemu ya bei ya kuipitisha sheria. Wa mashambani walianza kuingizwa katika kima cha chini mwaka 1966, tena kwa sehemu, na wengi wa majumbani mwaka 1974. Sheria ya mwaka 1935 inayolinda haki ya kuunda vyama na kujadiliana kwa pamoja haiyahusu makundi hayo mawili hadi leo katika ngazi ya shirikisho. Ninayarudia haya kwa urefu kwa sababu tumezoea kuambiwa kwamba kundi fulani la wafanyakazi halina ulinzi kwa kuwa kazi yao ni ya aina ya pekee, haipimiki, haikaguliki. Mara nyingi maelezo hayo hutungwa baada ya uamuzi wa kisiasa kuwa umekwisha kufanywa.

Kazi za majumbani ndizo zinazoletwa mbele zaidi kila inapotolewa hoja hiyo ya kutokaguliwa. Kwa makadirio ya ILO ya mwaka 2021 kuna wafanyakazi wa majumbani takriban milioni 75.6 duniani, zaidi ya robo tatu wakiwa wanawake, na wanane katika kila kumi wamo katika ajira isiyo rasmi. Hoja ina mantiki yake: mahali pa kazi ni nyumba ya mtu, mkaguzi wa kazi hawezi kuingia anavyotaka, hakuna wenzake wa kushauriana nao wakati wa chakula cha mchana, sehemu ya malipo huhesabiwa kuwa malazi na chakula, na mwajiri hukataa hata kujiita mwajiri kwa sababu anadai kwamba yule ni kama mmoja wa familia. Sijawahi kusikia mwenye kiwanda akisema hivyo kuhusu mafundi wake, na nadhani sababu inaeleweka.

Uruguay iliijibu hoja hiyo hatua kwa hatua. Mwaka 2006 ilipitisha sheria iliyowapa wafanyakazi wa majumbani kikomo cha saa za kazi, mapumziko, bima ya kukosa ajira na haki ya kujadiliana, na ikaruhusu mkaguzi kuingia nyumbani kwa kibali cha hakimu pale penye dalili ya kuvunjwa kwa sheria. Likabaki swali ambalo lingeweza kukwamisha kila kitu: wafanyakazi wangejadiliana mishahara na nani, wakati waajiri ni kaya moja moja zilizotawanyika nchi nzima? Chama cha akina mama wa nyumbani kikakubali kukaa upande wa waajiri katika baraza la mishahara, chama cha wafanyakazi wa majumbani kikakaa upande wa pili, serikali ikawa katikati, na mwaka 2008 wakatia saini mkataba wa hali bora wa sekta nzima. Nchi hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuridhia Mkataba Na. 189 wa ILO kuhusu wafanyakazi wa majumbani, uliopitishwa mwaka 2011. Waliodai kwamba haiwezekani walikuwa wanaeleza tu kwamba hakuna aliyewahi kujaribu.

Mfano mwingine unatoka India, na unahusu mahamali, watu wanaopakia na kupakua mizigo masokoni, bandarini na maghalani. Hamali hana mwajiri mmoja. Asubuhi anabeba magunia ya mfanyabiashara huyu, mchana ya mwingine, jioni hakuna anayekumbuka jina lake, na akivunjika mgongo kila mfanyabiashara anaweza kuapa, bila kusema uongo, kwamba si mtu wake. Kwa sheria ya jimbo la Maharashtra ya mwaka 1969, iliyopatikana baada ya mahamali kujipanga na kudai kwa muda mrefu, ziliundwa bodi za pande tatu. Mfanyabiashara hujisajili, hamali hujisajili, na malipo hupitia kwenye bodi pamoja na tozo ya ziada inayokatwa kwa asilimia. Bodi humlipa hamali ujira wake, na kutokana na tozo hiyo hugharamia akiba ya uzeeni, likizo, matibabu na fidia ya ajali. Mpango huo una kasoro zake, na haukusimamiwa vizuri katika kila sehemu ya jimbo, lakini kiini chake ni chepesi kuelewa: gharama ya kumlinda mfanyakazi inafuata mzigo, haisubiri apatikane mwajiri wa kudumu. Sheria hiyo ina zaidi ya nusu karne, na inashangaza kwamba bado tunajadili kazi ya mwajiri zaidi ya mmoja kana kwamba ni fumbo lililoletwa na simu za mkononi.

Maana programu za simu ndizo zilizolirudisha swali hili mbele ya mahakama za nchi tajiri. Tarehe 19 Februari 2021 Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber walioishtaki kampuni hiyo ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo, si wafanyabiashara huru waliojitegemea kama mkataba wao ulivyodai. Majaji hawakushughulishwa sana na maandishi ya mkataba huo. Walitazama mambo yanayotendeka: kampuni ndiyo inayopanga nauli, ndiyo inayoweka masharti ya kazi ambayo dereva hana sauti juu yake, ndiyo inayomwadhibu akikataa safari nyingi, ndiyo inayotumia alama za abiria kama chombo cha nidhamu, na ndiyo inayozuia mawasiliano kati yake na abiria yasivuke safari moja. Mtu asiyeweza kupanga bei yake wala kujijengea wateja wake anafanya biashara gani? Mahakama iliona pia kwamba muda wa kazi huanza dereva anapowasha programu akiwa tayari kupokea safari katika eneo lake, hata kama bado hajapata abiria. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha maelekezo yanayoanza na dhana kwamba uhusiano ni wa ajira pale panapoonekana dalili za udhibiti, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo uko kwa kampuni. Kwangu hayo ndiyo mageuzi makubwa kuliko kiwango chochote cha mshahara, kwa kuwa mtu aliyeko barabarani kutwa nzima hana muda wala fedha za kuthibitisha mahakamani kwamba yeye ni mfanyakazi.

Niseme jambo moja kutokana na uzoefu wangu. Nimewahi kufanya kazi kwa mikataba mifupi iliyohuishwa mara kwa mara kupitia wakala, katika taasisi ambayo waajiriwa wake wa kudumu walikaa meza moja nami na kufanya kazi ileile. Kwa maandishi sikuwa nje ya sheria; nilikuwa na mkataba, nilikatwa kodi, nilikuwa na saa zilizoandikwa. Lakini kila tarehe ya kuhuisha mkataba ilipokaribia nilijikuta siulizi maswali. Sikuuliza kuhusu muda wa ziada usiolipwa, wala kwa nini likizo ya ugonjwa ilikuwa ikikatwa kwenye malipo. Hakuna aliyenitisha. Ukimya huo ulitengenezwa na kalenda tu, na nadhani wengi wanaofanya kazi kwa vipande vya miezi wanautambua. Kwa hiyo ninapozungumzia walioachwa nje ya sheria, ninawahesabu pia walio ndani yake kwa jina huku wakiwa hawana nguvu ya kuitumia.

Nguvu hiyo ya kutumia sheria ndiyo iliyokosekana tarehe 24 Aprili 2013 nchini Bangladesh. Siku moja kabla, nyufa zilikuwa zimeonekana katika jengo la Rana Plaza, na watu wakatolewa nje. Asubuhi iliyofuata benki na maduka yaliyokuwa ghorofa za chini hayakufunguliwa, lakini mafundi wa viwanda vya nguo vya ghorofa za juu waliamriwa warudi kwenye mashine zao, wengine wakitishiwa kukatwa mshahara. Jengo likaporomoka na kuua watu 1,134. Nyufa zilikuwa zilezile kwa wote waliokuwa ndani ya jengo lile. Wafanyakazi wa benki waliweza kukaa nyumbani bila kupoteza riziki. Mafundi, ambao hawakuwa na chama cha kusema kwa niaba yao, hawakuweza.

Hapo pia kuna mpaka, ingawa umechorwa mahali pengine. Mafundi wale walikuwa na mwajiri, anayejulikana kwa jina na anwani. Lakini mwajiri huyo hakuwa yeye anayepanga bei ya shati wala tarehe ya kulisafirisha. Vyote viwili vilipangwa na wanunuzi wakubwa walio mbali, ambao kisheria hawakuwa na deni lolote kwa aliyeshona. Wiki chache baadaye makampuni ya nguo na vyama vya wafanyakazi vya kimataifa walitia saini makubaliano ya usalama wa majengo na moto, na kilichoyatofautisha na ahadi tamu za miaka iliyotangulia ni kwamba yalikuwa yanashurutisha kisheria. Zaidi ya makampuni 200 yalijiunga. Wakaguzi wasiotegemea upande wowote waliingia viwandani, ripoti zao zikawekwa hadharani, na mfanyakazi akapewa haki ya kukataa kuingia katika jengo analoamini ni la hatari. Ufaransa ilifuata mwaka 2017 kwa sheria inayoyawajibisha makampuni makubwa kufuatilia madhara katika minyororo yao ya ugavi, na sheria ya Ujerumani ya aina hiyo ilianza kutumika mwaka 2023. Mwaka 2022 ILO iliyaongeza mazingira salama na yenye afya kuwa haki ya msingi ya tano kazini, pamoja na uhuru wa kujiunga na vyama, kukomeshwa kwa kazi ya shuruti, kukomeshwa kwa ajira ya watoto na kutobaguliwa. Shirika hilo linakadiria kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kutokana na ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ni vya magonjwa, na magonjwa hayaitishi kamera.

Najua jibu linalotolewa na watu makini, ambao wengine ni marafiki zangu: kwamba haya yote ni mazuri, lakini uchumi ukue kwanza, keki iwe kubwa ndipo igawanywe. Hoja hiyo haistahili kubezwa. Nchi maskini haiwezi kulipa pensheni kwa maazimio, na ni kweli kwamba ukuaji wa miongo kadhaa ndio uliowatoa mamia ya mamilioni ya watu katika ufukara, hasa barani Asia. Lakini namna keki inavyookwa ndiyo inayoamua nani atakuwa mezani. Anayelipwa ujira usiotosha hanunui, na mzazi anayeishi kwa kibarua cha siku humtoa mtoto shuleni msimu ukiharibika. ILO inakadiria kwamba mwaka 2024 sehemu ya pato la dunia iliyowaendea wanaofanya kazi ilikuwa asilimia 52 hivi, na kwamba imekuwa ikishuka kwa miongo miwili, katika kipindi ambacho tija ilipanda. Uchumi ulikua, lakini waliouzalisha ukuaji huo walipata sehemu inayopungua.

Wachumi nao hawana tena uhakika waliokuwa nao kwamba kiwango cha haki hufukuza ajira. Mwaka 1994 David Card na Alan Krueger walichapisha utafiti wa migahawa 410 ya vyakula vya haraka katika majimbo ya New Jersey na Pennsylvania, baada ya jimbo la kwanza kupandisha kima cha chini mwezi Aprili 1992 na la pili kutopandisha. Nadharia ya vitabuni ilitabiri kwamba ajira ingepungua New Jersey. Haikupungua. Utafiti huo ulishambuliwa vikali na kurudiwa kwa njia nyingi, na mwaka 2021 Card alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Krueger alikuwa amefariki mwaka 2019. Ujerumani ilipoanzisha kima cha chini cha kitaifa mwaka 2015 ilitabiriwa kwamba ajira zingepotea kwa maelfu kwa maelfu, lakini watafiti waliofuatilia waliona mishahara ya chini ikipanda bila ajira kupungua kwa kiasi cha kuonekana, huku baadhi ya wafanyakazi wakihamia katika makampuni yenye tija kubwa zaidi.

Maelezo yake hayahitaji hesabu ngumu. Katika masomo ya awali ya uchumi tunafundishwa kwamba mwajiri akilipa kidogo kuliko thamani ya kazi, mfanyakazi ataondoka aende kwa mwingine. Lakini mtu haondoki kirahisi hivyo: ana watoto shuleni, nauli ya kufika mbali hana, waajiri wa karibu ni wawili tu na wanajuana, visa yake imefungwa kwa mwajiri mmoja. Mwajiri anayejua kwamba huna pa kwenda hukulipa kadiri ya kukosa kwako pa kwenda. Joan Robinson, mwanauchumi wa Cambridge, aliieleza nguvu hii ya mnunuzi mmoja wa kazi mwaka 1933. Kiwango cha chini kilichowekwa kwa busara huirudisha nguvu hiyo nyuma bila kuua biashara. Nasema kwa busara kwa sababu kiwango kilicho juu sana kuliko mshahara wa kawaida wa nchi hubaki kwenye karatasi au huwasukuma watu nje ya ajira rasmi, na kwa sababu mahali ambapo wengi hawana mwajiri kabisa, kima cha chini, hata kikiwa kizuri, kinamgusa mmoja katika kila watatu au wanne.

Ndiyo maana nalitazama Lengo la 8 la Maendeleo Endelevu kwa hisia mbili. Lengo hilo, lililopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, linaweka ukuaji jumuishi na kazi yenye staha katika sentensi moja, na hilo ni hatua. Lakini shabaha yake ya kwanza ni ukuaji wa pato, ikizitaka nchi zenye maendeleo duni zaidi zikue kwa angalau asilimia 7 kwa mwaka, wakati ulinzi wa haki za wafanyakazi, wakiwamo wahamiaji na walio katika ajira tete, umewekwa katika shabaha ya nane. Kila robo ya mwaka mawaziri wa fedha hutangaza ukuaji. Sijawahi kusikia waziri akiitisha waandishi wa habari kutangaza wangapi waliingia chini ya ulinzi wa sheria ya kazi katika robo hiyohiyo.

Shabaha ya saba iliahidi kwamba ajira ya watoto ya kila namna ingekuwa imekoma mwaka 2025. Makadirio ya ILO na UNICEF yanaonyesha kwamba mwaka 2024 watoto wapatao milioni 138 walikuwa bado kazini. Idadi imeshuka kutoka milioni 160 mwaka 2020, na ningekuwa mchoyo nisipokiri kwamba huo ni ushindi kwa watu wengi waliofanya kazi kimyakimya. Mkataba Na. 182 wa mwaka 1999 kuhusu aina mbaya kabisa za ajira ya watoto uliridhiwa na nchi zote 187 wanachama ifikapo Agosti 2020, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa mkataba mwingine wowote wa shirika hilo. Lakini watoto sita katika kila kumi wanaotumikishwa wako katika kilimo, wengi wao katika mashamba ya familia zao, ambako hakuna mwajiri wa kushtakiwa wala mkaguzi anayefika. Kuwafikia hao kunahitaji mzazi awe na kipato kisichokatika mvua ikigoma, na hilo sheria ya kazi peke yake haiwezi kulileta.

Linaletwa na hifadhi ya jamii, na hapa nadhani kuna kosa kubwa lililorithiwa. Katika nchi nyingi pensheni, bima ya afya na likizo ya uzazi vilifungwa kwenye mkataba wa ajira, kiasi kwamba asiye na mwajiri alionekana hana uzee, haugui wala hazai. Mwaka 2023 ndipo kwa mara ya kwanza zaidi ya nusu ya watu duniani, asilimia 52.4, walifikiwa na angalau aina moja ya mafao ya hifadhi ya jamii. Pendekezo Na. 202 la ILO la mwaka 2012 linataka kila nchi iwe na kiwango cha msingi cha hifadhi kwa kila mkazi, na Pendekezo Na. 204 la mwaka 2015 linaeleza jinsi ya kuwaingiza watu katika sekta rasmi bila kuvunja njia zao za kupata riziki. Brazil mwaka 2008 ilianzisha utaratibu wa mjasiriamali mmoja mmoja kujisajili, kulipa mchango mmoja mdogo wa mwezi na kupata pensheni na mafao ya ugonjwa na uzazi, na mamilioni walijiandikisha. Una udhaifu unaojulikana: baadhi ya waajiri huwalazimisha wafanyakazi wao wajisajili hivyo ili wasiwaajiri. Ulinzi usio na ukaguzi hugeuzwa haraka kuwa mlango wa kutokea.

Ela Bhatt alipotaka kusajili chama cha wanawake waliojiajiri huko Ahmedabad, India, mwaka 1972, idara ya kazi ilikataa mwanzoni kwa sababu chama cha wafanyakazi kinahitaji mwajiri wa kupambana naye, na wanawake wale, waokota karatasi, wachuuzi, wanaobeba mizigo kichwani, hawakuwa naye. Bhatt alijibu kwamba chama kipo kwa ajili ya umoja wa wafanyakazi, si lazima dhidi ya mtu. Chama kikasajiliwa, kikakua kuwa na wanachama kwa mamilioni, na kilikuwa miongoni mwa waliosukuma Mkataba Na. 177 wa mwaka 1996 kuhusu wanaofanya kazi kwa malipo nyumbani kwao: washonaji wanaolipwa kwa kipande, wanaokunja bahasha na kusokota sigara, na siku hizi wanaochambua picha na maandishi kwa ajili ya kompyuta. ILO ilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 260 walikuwa wakifanyia kazi nyumbani. Mkataba huo umeridhiwa na nchi chache mno, hazifikii hata moja katika kila kumi.

Mwezi Juni 2025 Mkutano wa Kimataifa wa Kazi, ambao ni mkutano mkuu wa ILO, uliamua kuandaa mkataba wa kwanza kuhusu kazi zinazopatikana kupitia majukwaa ya kidijitali. Kifungu nitakachokisoma kwanza katika maandishi yake ni kile kinachotaja unamhusu nani, na baada ya hapo nitatazama orodha ya nchi zitakazouridhia, kuona kama inarefuka kwa mwendo wa Mkataba Na. 182 au kwa mwendo wa Na. 177.